Jino la Tisa

Liko neno moja ambalo ukilishika upande huu ni mtego, ukilishika upande ule ni fumbo, na ukilisogeza karibu na mdomo wa mwenzako linageuka sikio. Mwindaji hutega. Mwenye kitendawili hutega. Na wewe unayesikiliza hapo ulipo unatega pia, unatega sikio. Siwema alilijua neno hilo tangu utotoni kama mtu anavyozijua ngazi za kwao, anapanda gizani bila kuhesabu vidato, na hakuwahi kujiuliza kwa nini waliotuachia lugha, wenye maneno mengi kama punje za mchele, waliona mambo hayo matatu yanatoshwa na neno moja. Alikuja kujiuliza akiwa mjini humo. Akiwa ndani. Na ndani ndiko mtu hujiulizia. Nje mtu hupita tu.

Mji haukuwa na jina. Wenyeji walisema jina lipo, ila halijateguliwa. Siwema aliingia na mwanawe mgongoni, mtoto wa meno mawili, akitafuta kivuli cha kumnyonyeshea. Aliona mahali pa kuingilia, akaingia, akakaa, akanyonyesha. Alipofunga kanga yake na kugeuka, pale pa kuingilia hapakuwapo. Hakuna aliyefunga kitu. Palikuwa na ukuta tu, mweupe, mtulivu, kama uso wa mtu anayejifanya hajasikia salamu.

Humo kulijua neno hakukuwa sawa na kuwa nalo. Ungeweza kusema chumvi mara mia, mchuzi ukabaki chapwa. Kila kitu kilijificha mpaka neno lake upewe dirishani, kwa Mtegaji, na Mtegaji hakumpa mtu neno bure. Asubuhi watu walipanga foleni. Alitoa vidokezo vitatu. Ukipata, neno ni lako na kitu chake ni chako mpaka jua lizame: kisu, sufuria, mkeka. Usipopata, unatoa mji.

Hilo la kutoa mji kila aliyewahi kuwa mtoto analifahamu. Umetegewa, umeshindwa, unaambiwa nipe mji. Unasema nakupa Unguja. Mwenzako anakwenda Unguja kwa mdomo, anakula pilau, analalia godoro, anarudi na jibu, na Unguja inabaki palepale ilipokuwa tangu zamani. Ulikuwa mchezo. Lakini kila mchezo una mtu mmoja mahali fulani anayeuchukulia kweli, na mtu huyo akipata dirisha na daftari, mchezo umekwisha. Mtegaji aliichukua miji kweli. Aliitia kwenye makopo ya maziwa ya unga, akayapanga kwenye rafu nyuma yake, na aliyetoa mji alibaki na kila kitu cha mji huo isipokuwa jina na njia ya kufika.

Siwema aliutoa mji aliozaliwa wakati mwanawe ana meno manne. Alishindwa neno jepesi la kuaibisha, kisogo, kwa sababu hakulala. Bado aliwaona wanawake wa mji huo wakimenya machungwa kwa visu vikali, ganda likishuka kama utepe bila kukatika, machungwa yakipandishwa sinia hadi yakawa kilima. Aliiona reli. Aliiona mikonge imesimama kwa mistari kama wanafunzi gwarideni, na barabara inayoondoka hapo kupanda mlimani kwenye ukungu. Lakini mji usio na jina hauendeki. Utamwambia nani akupeleke? Hata mimi ninayewasimulieni jina hilo sina. Nimelitafuta kwenye ulimi nikakuta mahali pake pana shimo laini kama fizi.

Siku za mjini humo hazikukaa kwenye foleni kama watu. Jana ilirudi mara mbili, kesho kutwa ilipita kabla ya kesho. Siwema aliacha kuhesabu siku akahesabu meno. Alimwita mwanawe Kiduchu, kwa kuwa jina la kweli alilokuwa amempangia aliona haya kulitamka humo, lisije likatiwa koponi. Kiduchu alikuwa na meno manane, manne juu na manne chini, na hapo ndipo palipomkosesha mama yake usingizi. Sheria ya mji ilikuwa fupi: mtoto akitoa jino la tisa, gego la kwanza, huletwa dirishani akapewe neno lake la kwanza. Mwenye gego ana la kutafuna, na mwenye la kutafuna ana la kusema. Akishapewa neno huandikwa. Akishaandikwa ni mwenyeji. Na mwenyeji haoni ukuta. Si kwamba anauona akauzoea, la, haoni. Ukimwonyesha anatazama kidole chako.

Kwa hiyo Siwema alihitaji neno moja tu, kabla ya gego. Mlango. Kila asubuhi alisimama foleni akiliomba, naye Mtegaji akimtegea kijiko, kamba, chandarua.

*

“Sogea mbele, Mama Kiduchu, unapanga foleni au unasali?”

Aliyesema hivyo ni Bi Mwanamvua, jirani yake, mwanamke mnene wa hamsini na ushei, mwenye goti bovu na ulimi mzima. Alikuwa ameshatoa miji yake yote tisa, wa mwisho akiutoa kwa ajili ya neno pasi, na hata nguo ya kupiga hiyo pasi hakuwa nayo siku hiyo.

“Nasali, shoga yangu. Naliomba neno la kuutoboa huu ukuta.”

“Ukuta gani?” Bi Mwanamvua aliuliza, akageuka kutazama huku na huku kwa wema kabisa, kama mtu aliyeambiwa ameangusha leso.

Siwema alisogea hatua moja mbele. Swali hilo aliulizwa kila asubuhi.

Mtegaji alifungua dirisha. Umri wake haukusomeka. Alivaa miwani iliyofungwa uzi na kofia ya viua iliyokuwa safi sana, usafi wa mtu asiyetoka nje. Daftari la Majibu lilikuwa mbele yake, kidole chake kimeshaingia katikati.

“Kitendawili,” alimwambia Bi Mwanamvua.

“Tega, tutafanyaje.”

“Shingo ndefu, kichwa bapa.”

“Huyo mjomba wangu. Endelea.”

Foleni ilicheka. Mtegaji hakucheka, alingoja kicheko kipite kama mtu anayengoja mvua.

“Huingia motoni kila siku, huonja wa kwanza, na hajashiba hata mara moja.”

“Basi si mjomba. Mjomba angeshiba.”

“Jina lake ndilo jina la jambo lisilotendwa.”

“Mwiko!” Bi Mwanamvua alipiga kofi dirishani. “Mwiko, baba! Lete, nimchape mtu makalio!”

Akapewa mwiko. Aliupokea, akaugeuza, akausikitikia. “Sasa mwiko, na sufuria sina. Nitakoroga upepo.”

Ikawa zamu ya Siwema. Kiduchu alikuwa mgongoni, anatafuna pindo la kanga. Kwa siku kadhaa alikuwa anatafuna kila kitu, mate yakimlowesha mama yake bega.

“Kitendawili.”

“Tega.”

“Hufunguka asubuhi, hufungwa usiku.”

Siwema alihisi damu ikimsimama masikioni. Alijizuia. Katika madarasa ya jioni, alipokuwa na mimba ya miezi saba na dawati halimtoshi, mwalimu aliwafundisha kutokimbilia jibu: soma masharti yote, mama, ndipo uandike.

“Ukiuacha wazi, nzi huingia.”

Alishika ukingo wa dirisha.

“Usipoulinda, siri ya nyumba hutoka.”

“Mlango!” Alilisema kwa sauti iliyomtangulia, iliyotaka kuwa ya kwanza kufika nje. “Ni mlango, Bwana! Mlango!”

Kidole cha Mtegaji kilishuka taratibu kwenye ukurasa.

“Mdomo,” alisema. “Nipe mji.”

Watu wa nyuma walishusha pumzi. Siwema hakuachia ukingo wa dirisha.

“Bwana, ngoja. Mlango nao hufunguka asubuhi. Nzi huingia kwa mlango. Siri ya nyumba hutokea mlangoni. Masharti yote matatu yanaenea.”

“Yanaenea.”

“Basi nimepata.”

“Kuenea si kuwa, mama. Kofia hii inaenea vichwa vingi.” Aliigusa. “Lakini ni yangu.”

“Nani aliyesema jibu ni mdomo?”

“Mimi.”

“Na kesho ukiamua ni mlango?”

“Kesho litakuwa mlango.” Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni choo kiko wapi. “Wewe unadhani kutegua ni kufikiri. Kutegua ni kukumbuka alichokusudia mwenye kutega. Nipe mji, watu wanangoja.”

Alikuwa amebakiwa na mji mmoja, ule aliojifungulia. Mji wenye mvua ya asubuhi iliyogonga bati la wodi, na nesi aliyemwambia sukuma, mwanangu, usimwogope huyu anayekuja, yeye ndiye anayekuogopa wewe. Siwema alilitamka jina la mji huo mara ya mwisho, nalo lilipokuwa linapita midomoni alihisi linabadilika uzito, kama ndoo inayopokewa na mtu wa upande wa pili. Kisha halikuwapo. Mtegaji alibana kifuniko cha kopo.

“Mtoto ana meno mangapi?” aliuliza, akiandika.

“Manane.”

“Fizi imevimba. Naona kutoka hapa. Kesho mlete.”

*

Chumba chao kilikuwa kimejengwa kuegemea ukuta, kwa hiyo upande mmoja wa maisha yao ulikuwa ndio huo ukuta. Mchana ulikuwa mrefu, hauna kitu ndani yake. Siwema aliketi chini akamtazama mwanawe akitembea. Kiduchu alikuwa amejifunza kutembea humo humo, hatua tano kwenda, tano kurudi, akidhani dunia ina urefu wa hatua tano.

Alitega. Nilitegwa, aliwaza. Nitategwa. Mama mtu anaweza kuwa mtego? Nilimwingiza mimi, kwa miguu yangu, yeye akiwa usingizini. Nilitafuta kivuli. Si kosa kutafuta kivuli. Kila mtego una kitu kizuri ndani yake, ndiyo maana ni mtego, hakuna mwindaji anayetega kwa mwiba. Kivuli kilikuwa kizuri. Lakini kama jibu ni la mwenye kutega, na swali ni lake, na daftari ni lake, na asubuhi ni yake, mimi changu ni kipi? Changu ni kuitikia. Changu ni ile tega yangu. Nimekuwa nikimfungulia mwenyewe kila siku kwa mdomo wangu.

Akatazama ukuta. Ulikuwa umefifia. Mstari wa chini, pale ukuta unapokutana na sakafu, aliuona. Wa juu hakuuona. Mahali palipokuwa peupe palikuwa pamebaki patupu, patupu pa kawaida, kama mahali pa kuendelea na shughuli. Ndivyo unavyoondoka, basi. Hauanguki, wala haujibomoi. Unaacha tu kuwa jambo la kutazamwa. Miji imekwisha kibindoni, na mtu asiye na mji mwingine hana haja ya kuuona ukuta unaomzuia kwenda. Kesho asubuhi ataulizwa, naye atasema: ukuta gani?

“Tutwe,” alisema Kiduchu.

Alikuwa amechuchumaa kwenye kona, amenyoosha kidole chini. Neno hilo alikuwa nalo tangu jino la sita. Mjini humo maneno ya watoto wasio na gego hayakuandikwa. Yalihesabiwa kuwa mate. Siwema mwenyewe hakuwahi kulitia maanani. Watoto husema tutwe.

“Tutwe nini, mama?”

“Tutwe!” Kiduchu alishika kidole cha mama yake, akakivuta, akakibandika chini. Na hapo Siwema alihisi upepo. Mwembamba, baridi, unaotoka mahali asipoona kitu. Alilala kifudifudi, shavu sakafuni. Macho yake yalimwonyesha sakafu inayoendelea. Lakini shavu lilimwambia kuna ufa, na kwenye ufa kuna nje, na mwanawe alikuwa akiutazama waziwazi kama mtu anavyotazama taa. Hakupewa neno lake na mtu. Alikiona kitu, akakiita.

Bi Mwanamvua aliingia akijikongoja, mwiko kwapani.

“Nimekoroga upepo umekataa kuiva. Mna sufuria?”

“Hatuna neno lolote leo.”

“Basi tukae tu.” Akaketi, akanyoosha goti, akampa Kiduchu mwiko auume. Kisha Bi Mwanamvua, akitazama juu pasipo na kitu, akasema ghafla:

“Kitendawili!”

“Tega!” alisema Siwema.

Akashtuka. Hakuwa amepanga kusema. Mdomo ulikuwa umekwisha kujibu kabla yeye hajafika, kama goti linalogongwa na daktari. Alingoja. Bi Mwanamvua hakuendelea.

“Tega basi, Bi Mwanamvua. Nimeitikia.”

“Sina, mwanangu. Nimevisahau vyote.” Alicheka kidogo, machozi yakimlengalenga. “Nilitaka tu nisikie mtu akiniitikia. Zamani nilikuwa mtegaji hodari, unajua? Kule kwetu. Sijui wapi. Hakuna aliyeweza kunyamaza nikisema neno hilo. Hata ukiwa umekasirika, hata ukiwa unakula. Mtu akisema kitendawili, ni lazima uitikie. Si adabu tu. Ni kama kupiga chafya.”

Siwema alimgeukia.

“Kila mtu?”

“Mtu yeyote aliyelelewa na mtu.”

Kiduchu alilia ghafla kwa uchungu, mwiko ukamdondoka. Siwema alimchukua, akamfungua kinywa kwa kidole. Nyuma ya meno ya mbele, upande wa kushoto chini, fizi ilikuwa imepasuka, na kwenye mpasuko palikuwa na kitu cheupe kidogo, kigumu, chenye ncha.

*

Asubuhi Siwema aliamka na hakuona ukuta.

Alijua ulikuwapo kama mtu anavyojua alikuwa na ndoto. Alitazama pale, akaona chumba kinaendelea bila haraka, wala hakikumsumbua, na kule kutosumbuliwa ndiko kulikomwogofya. Alimbeba mtoto mbele, si mgongoni, ili auone uso wake. Njia nzima Kiduchu alikuwa akitazama kushoto, chini, akifuata kitu kwa macho. Siwema alitembea akifuata macho hayo.

Walipofika, foleni iliwapisha. Watoto wa jino la tisa hutangulia.

“Fungua kinywa chake,” alisema Mtegaji. Alihesabu kwa ncha ya kalamu. “Tisa. Hongera, mama. Leo tunampa kitu chepesi.” Akalowesha kidole, akafunua daftari, akasafisha koo.

“Kitendawili!” alisema Siwema.

“Tega!”

Foleni nzima iliitikia. Na juu ya sauti zote, iliyo wazi zaidi, ya mtoto wa mtu, ilikuwa sauti ya Mtegaji. Kalamu ilimdondoka. Aliweka mkono mdomoni kama mtu aliyemeza nzi.

Hakuna aliyewahi kumtegea. Siwema aliona usoni mwake kwamba hata yeye hakujua kama tega ingali ndani yake.

“Umeitikia, Bwana,” alisema. “Nitoe vidokezo?”

“Haijawahi...”

“Umeitikia, baba!” Bi Mwanamvua alipaza sauti nyuma. “Tumekusikia wote! Aliyeitikia ategewe!”

“Ategewe!” wakasema watu.

Mtegaji alikaa. “Toa,” alisema.

“Chembamba kuliko uzi, lakini mji mzima utapita.”

Alifunua daftari, kurasa zikipiga kelele.

“Asiye na gego hukiita. Mwenye magego hakioni.”

Alifunua nyuma, akafunua mbele.

“Daftarini hakimo. Ukutani kimo.”

“Ukuta gani?” waliulizana watu. Lakini Mtegaji hakuuliza. Mtegaji aliujua ukuta. Yeye peke yake mjini alikuwa hajawahi kutoa mji. Jasho lilishuka chini ya kofia safi.

“Ufa,” alisema.

“Sio.”

“Mwanga.”

“Sio.”

Alifunga daftari. Alivua miwani, akaifuta kwa muda ambao sijui ulikuwa dakika au jino zima. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa kitu kilichoshonwa ndani ya nguo, alilisema neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake.

“Mlango.”

Siwema alifumba macho. Ndilo neno aliloliomba jino baada ya jino. Angeweza kusema ndilo. Angeweza kulipokea hapo hapo, likawa lake mpaka jua lizame, na kesho likawa tena la daftari.

“Linaenea, Bwana,” alisema. “Masharti yote matatu yanaenea. Lakini kuenea si kuwa. Nipe mji.”

Kicheko cha Bi Mwanamvua kilisikika mpaka mwisho wa foleni.

Mtegaji aligeukia rafu zake. “Nakupa Kilwa.”

“Siutaki.”

“Ujiji.”

“Siutaki huo.”

Hapo alitulia. Alichagua kopo moja, akalileta dirishani kwa mikono miwili, akalegeza kifuniko. Harufu ilitoka: ganda la chungwa linalomenywa, mkonge mbichi, moshi wa treni, ukungu unaoshuka. Akalitamka jina la mji huo. Siwema alilisikia likipita karibu na sikio lake kama mtu wa kwenu anayekupita sokoni bila kukuona. Lilikuwa jina la mama yake akimwita ale, jina la kila kitu. Angelichukua angekuwa na pa kukumbuka, maisha yake yote, akiwa amekaa hapa. Kiduchu alimshika kidevu.

“Huo ni wangu,” alisema Siwema, machozi yakimfika mdomoni. “Mtu hapewi kilicho chake. Nipe mji huu.”

“Upi?”

“Huu tuliomo.”

“Huu hauna jina.”

“Uliniachia miji yangu bila majina nikaipokea. Nipe hivyo hivyo.”

Mtegaji alitazama foleni. Alitazama rafu. Mwishowe alisema kama mtu aliyechoka kushika mlango kwa bega: “Chukua.”

Siwema alimweka mtoto vizuri kiunoni, akavuta pumzi, akasema yale anayosema kila mshindi.

“Nimekwenda mji huu. Nimepika, sina chumvi. Nimetandika, sina mkeka. Nimelala, sikuota. Nimeamka nikakuta watu wamepanga foleni kuomba vilivyo vyao. Nikawaambia, mji una mwenyewe leo, na mwenyewe hafungi mtu. Nimerudi na jibu.”

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. “Jibu?”

“Tutwe.”

“Linaandikwaje?”

“Sijui. Muulize mwenye neno.”

Kiduchu alisikia neno lake kinywani mwa mama yake, mbele za watu wazima wote, akafurukuta hadi akashushwa chini. Alitembea. Hatua moja, mbili, tano. Hapo ndipo alipozoea kugeuka. Alisita, akapiga ya sita. Alifika kando ya dirisha la Mtegaji, pahali ambapo wote waliona hewa tu, akabandika viganja viwili, akasema, “Tutwe,” kwa subira ya mtu aliyekuwa akingoja wenzake wamalize, akasukuma.

Ukuta uliachia pale kwa mlio mdogo, kama jino.

Mwanga uliingia na upepo nyuma yake, na kwa kuwa pale palifunguka, ndipo kila mtu alipoona kilichobaki bila kufunguka, mweupe, mrefu, umezunguka kote.

“Ala!” alisema Bi Mwanamvua. “Kumbe palikuwa na ukuta?”

Alishika pindo la kanga ya Siwema kwa mikono yote miwili. “Nakwenda nawe. Sijui kwetu wapi, lakini nitajua nikisikia mtu akiniitikia.” Nyuma yao foleni ilikuwa imevunjika, watu wakitazama makopo yao rafuni na kunusa.

“Mama Kiduchu!” Mtegaji alikuwa amechungulia dirishani, kofia imekaa upande. Uso wake ulikuwa mdogo. “Nitegee kingine. Kimoja tu.”

Siwema alisimama kizingitini. Hakuwa na chuki, alitafuta akakosa.

“Kwanza tega sikio,” alimwambia. “Nje kuna sauti. Wewe hujasikia siku nyingi.”

Akambeba mwanawe, akavuka. Na alipokanyaga upande wa pili, mji ukiwa wake na vyote vilivyomo vikiwa vyake, alihisi kwenye ulimi, pale palipokuwa na shimo laini, kitu kigumu kidogo kinapasua kinakuja. Nami nilikihisi hapa nilipo. Kiliuma. Siwema aliinamisha mdomo kwenye sikio la mtoto amwambie wanakokwenda, kule kwenye machungwa, kwa bibi yake.

“Muheza,” alisema.

“Heza,” alisema Kiduchu, akacheka kwa kinywa wazi, na jino la tisa likaonekana.